Rainsford kalala kitanda kizuri. Na wale mabaharia wa chini je?

Msomaji wa Usiku:
Wakuu, habari za saa hizi. Nimerudia kwa mara ya tatu The Most Dangerous Game, ile hadithi ya Richard Connell ya mwaka 1924, na safari hii sentensi ya mwisho imeninyima raha. Kwa ambaye hajaisoma: Rainsford, mwindaji stadi, anaanguka kutoka kwenye boti usiku katika Bahari ya Karibi, anaogelea hadi kisiwani kwa Jenerali Zaroff. Zaroff kachoshwa na wanyama, siku hizi anawinda watu. Rainsford anapewa kisu, chakula, na siku tatu za kukimbia. Mwisho anajirusha baharini, Zaroff anaamini kesi imekwisha, kumbe mtu kajificha chumbani kwake nyuma ya pazia la kitanda. Pambano lenyewe hatuonyeshwi. Tunaambiwa tu kwamba Rainsford aliona hajawahi kulalia kitanda kizuri kuliko kile.

Wachambuzi wengi huuliza kama Rainsford kageuka Zaroff. Mimi nauliza jambo dogo zaidi. Siku ya kwanza Zaroff alimweleza kwamba chini ya jumba kuna mabaharia kama kumi na wawili wa meli ya Kihispania iliyovunjika kwenye miamba. Wanalishwa vizuri na kufanyishwa mazoezi ili wawe mawindo ya maana. Rainsford alisikia hayo kwa masikio yake. Sasa mwenye nyumba amekufa. Je, aliwafungulia kabla ya kulala?

Kalamu Nyekundu:
Ndugu, unamtwisha mwandishi mzigo ambao si wake. Hii ni hadithi fupi ya taharuki na uwanja wake ni wa watu wawili. Soma tena usiku ule wa kwanza. Rainsford kajilaza juu ya tawi, Zaroff anafuata nyayo mpaka kwenye shina lile lile. Macho yake yanapanda mti inchi kwa inchi, yanasimama kidogo tu kabla ya kulifikia tawi. Anatabasamu, anapuliza duara la moshi wa sigara, anageuka na kuondoka taratibu. Hakuna risasi, hakuna neno. Hapo ndipo Rainsford anapojua hofu ni kitu gani: hakuponyoka, amewekwa kiporo. Mwandishi wa namna hiyo akianza kuhangaika na funguo na mahabusu ukurasa wa mwisho, moto wote unazimika.

Mama Vitabu:
Kalamu, kwenye lile tawi hata mimi nilibana pumzi, sikupingi. Ila rudi mwanzo kabisa. Boti inakwenda kwenye uwindaji wa jagua kule Amazon. Rafiki yake Rainsford anasema jagua naye huogopa maumivu na kifo. Rainsford anampuuza: nani anajali jagua anahisi nini? Mkuki kwa nguruwe. Muda mfupi baadaye, akiwa majini, anasikia kiumbe kikipiga ukelele wa uchungu gizani, halafu mlio wa bastola. Na yeye, mtu aliyeandika kitabu juu ya uwindaji, hamtambui mnyama mwenye sauti ile. Nadhani hakumtambua kwa sababu alikuwa mtu.

Kwa hiyo Msomaji, jibu langu ni hapana, hakuwafungulia. Masikio yake yalikuwa hivyo toka mwanzo.

Msomaji wa Usiku:
Mama Vitabu, hilo la ukelele lilinipita mara zote tatu. Ahsante sana.

Kalamu, nimekuelewa, lakini tazama wakati wa kitenzi. Sentensi ya mwisho inazungumzia usingizi uliokwisha kulalwa, maana yake kumeshakucha. Usiku mzima umepita katikati ya aya mbili, na mwandishi aliyepima inchi za mti kwa macho sitaki kuamini kwamba alisahau watu kumi na wawili.

Kuna jingine. Neno la mwisho katika jina la hadithi lina maana mbili kwa Kiingereza: mchezo, na pia mnyama wa kuwindwa. Chumbani, Zaroff anampongeza kwa kushinda mchezo. Rainsford anakataa pongezi, anasema yeye bado ni mnyama aliyebanwa. Neno moja wamegawana nusu kwa nusu! Nilipojaribu kumsimulia mdogo wangu kwa Kiswahili nilikwama hapo hapo, maana kwetu windo ni windo na mchezo ni mchezo.

Mdogo wangu wala hakuuliza nani alishinda. Aliuliza asubuhi ile nani aliwapelekea chakula wale wa chini. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu mtumishi tunayemjua kwa jina ni Ivan peke yake, naye alishauawa na kile kisu Rainsford alichokifunga kwenye mche uliopindwa njiani.