Dada wa kazi akimdhuru mtoto, mzazi naye ana kesi ya kujibu?

Mama Wawili: Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili bila matusi, ingawa nawajua.

Jirani yangu hapa Tabata, tumwite Mama Junior, ana watoto wawili, Junior wa miaka 4 na mdogo wake wa miezi 11. Likizo ya uzazi ilipoisha akarudi kazini. Anatoka saa 11 alfajiri kugombania daladala, anarudi saa 2 usiku, watoto wanabaki na dada. Mwezi mzima alikuwa anatutambia kwamba safari hii kapata dada wa maana, mtoto halii, kila akirudi anamkuta kalala fofofo. Jumanne iliyopita mtoto hakuamka kunyonya. Wakamkimbiza hospitali, daktari akauliza kapewa nini. Kumbe dada alikuwa anampa ile dawa ya mafua ya maji inayolaza, kifuniko asubuhi na kifuniko mchana, apate nafasi ya kufua. Mtoto anaendelea vizuri, ashukuriwe Mungu.

Sasa mtaa umegawanyika. Kuna wanaotaka binti afungwe. Kuna wengine, hasa wazee wa kijiwe cha kahawa, wanasema mkosaji ni mama: alimtoa wapi huyo binti na alimuuliza nini kabla ya kumkabidhi mtoto? Kweli hakumuuliza kitu. Alimpata kwa dalali kwa elfu 30, binti akaja na kibegi kimoja, kesho yake mama akaenda kazini.

Mimi naona mzazi ana sehemu yake. Dada wangu nilimfuata mwenyewe kwao Iringa, nikakaa na mama yake, na wiki mbili za kwanza nilichukua likizo nikashinda naye ndani. Mambo yangu yana mpangilio, hata mayai nahesabu. Nyie mnaonaje?

Kijana wa Manzese: Umesema unahesabu mayai?

Mzee Kijiwe: Siyo wa Tabata lakini na mimi ni wa kahawa, kwa hiyo nimeguswa. Mama yangu alilea watoto 9 na hakuna aliyenyweshwa dawa ya usingizi. Mwanamke akikaa na mwanawe haya yote hayapo. Tumekimbilia mishahara, watoto tumewaachia mabinti ambao wenyewe bado wanahitaji kulelewa.

Mhasibu wa Posta: Nilijua tu atatokea. Mzee wangu, shikamoo. Huyo Junior hana baba? Uzi mzima ni mama, mama, mama. Dalali kapewa hela na mama, binti hakuulizwa na mama, mtoto kakutwa na mama. Baba alikuwa wapi, kijiweni anakunywa kahawa na wewe?

Mzee Kijiwe: Marhaba. Baba anatafuta.

Mhasibu wa Posta: Anatafuta nini asichokipata mpaka saa 5 usiku? Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama siku 84, akizaa mapacha 100. Baba siku 3. Tatu! Hata kitovu hakijadondoka. Siku ya 85 mwajiri anakutaka mezani, na zile saa 2 za kunyonyesha sheria imeziandika, ila jaribu kuziomba uone bosi anavyokuangalia. Kutoka Posta mpaka Tabata ukanyonyeshe urudi kwa saa 2, kwa usafiri gani, helikopta?

Kijana wa Manzese: Bado sijajibiwa kuhusu mayai.

Mama Wawili: Jamani mayai siyo mada. Trei ina mayai 30, mnajua bei yake mjini hapa. Nimenunua Jumatatu, Jumatano nakuta 14. Watoto wangu wanakula moja moja asubuhi. Piga hesabu mwenyewe. Mimi simnyimi mtu, aombe tu.

Kijana wa Manzese: Mtu mzima aombe yai. Sawa.

Konda Mstaafu: Hapo kwenye Iringa ndipo ulipokosea mama. Hao ukiwasema hawakujibu, wanaweka moyoni. Siku ukiamka geti liko wazi na binti hayupo, utanikumbuka. Mimi wameondoka watatu bila kuaga.

Mnyalukolo: Kamwene wote. Konda, mabinti watatu wamekukimbia kwa mfululizo na bado unadhani tatizo ni mkoa? Dereva akipata ajali tatu kwenye barabara moja hatulaumu barabara.

Konda Mstaafu: Mkuu usitoe povu, nimesema uzoefu wangu.

Mnyalukolo: Uzoefu gani. Nusu ya mliokulia Dar mmebebwa mgongoni na dada zetu wa Mufindi na Kilolo. Mmetambaa, mmeota meno, mmetembea, wao wapo, mama yako yupo ofisini. Leo umekua, "wa Iringa wanaweka moyoni". Ungekuwa unalipwa elfu 40 ungeweka wapi?

Konda Mstaafu: Mimi nililipa 50.

Karani wa Mahakama: Naingia kidogo kabla hamjatoana macho. Amri ya kima cha chini ya mwaka 2022, iliyoanza Januari 2023, ilisema mfanyakazi wa ndani anayelala kwako alipwe angalau 60,000 kwa mwezi. Asiyelala kwako 120,000. Kwa ofisa mwenye stahili ya mtumishi 200,000, kwa balozi au mfanyabiashara mkubwa 250,000. Kwa hiyo Konda, hata kwa bei hizo, hiyo 50 umeiandika mwenyewe hadharani.

Konda Mstaafu: Ilikuwa zamani!

Mpenda Teknolojia: Mnazunguka bure. Dawa ni kamera. Nimenunua Kariakoo elfu 60, naiona sebule yangu kwenye simu nikiwa kazini. Kumbukeni yule dada wa Kampala aliyempiga mtoto na kumkanyaga, bila kamera asingejulikana. Akafungwa maisha.

Karani wa Mahakama: Miaka 4, siyo maisha. Video ni ya Novemba 2014, hukumu ikatoka Desemba. Baba aliweka kamera baada ya kuona michubuko kwa mtoto. Kamera haikuzuia kile kipigo, ilikipiga picha tu.

Mpenda Teknolojia: Sawa, lakini ushahidi ulipatikana.

Mhasibu wa Posta: Kwa hiyo kamera elfu 60 na dada elfu ngapi?

Mpenda Teknolojia: Hayo ni mambo ya ndani ya nyumba yangu.

Kijana wa Manzese: Na kamera nayo inahesabu mayai?

Niliyekuwa Dada: Mmenifanya nijiunge leo. Nimekuwa dada wa kazi miaka 6, Sinza halafu Mikocheni. Nilianza nikiwa na 14, natoka darasa la saba. Nyumba ya kwanza mayai hayakuhesabiwa tu, yaliandikwa namba kwa peni ya bluu. Yai namba 17 lilipasuka likiwa linachemka, nikaambiwa nimelila. Nikaonyesha maganda. Nikaambiwa hayo maganda ni ya namba 12.

Mama Wawili, sikufahamu na sikutukani, na kumfuata binti mpaka kwao ulifanya la maana, wengi hawafanyi. Ila huyo mama wa Sinza aliniachia mtoto wa miezi 4 tangu alfajiri mpaka usiku. Mtoto aliniamini naye, yai hakuniamini nalo. Usiku akilia naamshwa mimi, saa 10 niko macho napasha maji ya kuoga baba. Mchana mtoto akilala na mimi nalala, akiamka nalia. Hakuna aliyewahi kunifundisha kumpa dawa mtoto, wala kunikataza. Nilifundishwa kukunja mashati.

Mzee Kijiwe: Pole binti yangu.

Niliyekuwa Dada: Ahsante baba. Nina miaka 31 sasa, nina duka.

Karani wa Mahakama: Kwa wanaopenda kujua, hapo kuna makosa ya mwajiri. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isimdhuru wala kumzuia kusoma, na mtoto hatakiwi kuwa kazini kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kumwamsha binti wa miaka 14 usiku wa manane kubembeleza mtoto siyo malezi.

Konda Mstaafu: Nilidhani ni 18.

Karani wa Mahakama: Mtoto kisheria ni chini ya 18. Umri wa kuanza kazi ni 14. Vitu viwili tofauti, na madalali wanaishi hapo katikati.

Mama Wawili: Dada yangu Niliyekuwa Dada, umenichoma. Ila nijitetee kidogo, mimi sijawahi kuandika namba.

Kijana wa Manzese: Hahaha.

Mama Wawili: Unacheka nini wewe, una mtoto?

Kijana wa Manzese: Sina mtoto, nina kuku.

Mchungaji Mtarajiwa: Turudi kwenye mada. Nadhani mzazi makini akimpokea dada ampeleke kwa mjumbe, aandikishwe serikali ya mtaa, apate nakala ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na namba za wazazi azipige kweli asikie nani anapokea. Siyo namba ya "mjomba" ambaye ndiye dalali mwenyewe. Nusu saa tu. Mtu anakagua gari la mkononi siku tatu, anaita na fundi alale chini ya injini, ila wa kumwachia mtoto anampokea stendi ya Magufuli saa 12 jioni kwa kumtambua kwa rangi ya mtandio.

Mhasibu wa Posta: Hili nakubali. Ila binti wa 15 hana NIDA, ndugu.

Mchungaji Mtarajiwa: Basi hilo peke yake lingekuambia kitu.

Mpenda Teknolojia: Au mpeleke mtoto kituo cha kulelea watoto mchana.

Mhasibu wa Posta: Kituo cha karibu na kwangu kinafungwa saa 10 jioni. Saa 10 mimi naanza kupewa kazi.

Mzee Kijiwe: Ndiyo maana nikasema mama akae nyumbani.

Mhasibu wa Posta: Mzee, nikikaa nyumbani kodi utalipa wewe? Nipe namba nikutumie mkataba wa mwenye nyumba.

Mnyalukolo: Na Konda hajaomba radhi.

Konda Mstaafu: Naomba radhi kwa watu wa Iringa wote, isipokuwa wale watatu.

Mama Wawili: Wakuu narudi na yaliyotokea leo, maana nilimsindikiza Mama Junior polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Nilienda nikiwa na msimamo wangu, sasa sijui niuweke wapi.

Askari mwanamama, mpole, akachukua karatasi. Jina la mtuhumiwa? Mama Junior akasema Neema. Neema nani? Kimya. Baba yake anaitwa nani? Kimya. Mimi nipo pembeni naangalia sakafu. Askari akamgeukia binti, wewe jina lako kamili ni nani? Binti akasema yeye siyo Neema. Neema ni dada aliyekuwepo kabla yake. Junior alishazoea kuita Neema, basi na yeye akaitwa hivyohivyo. Miezi 3 anaitikia.

Umri, 15. Dalali alimwambia aseme 19.

Askari akauliza dawa uliinunua wapi. Akasema hakuinunua, chupa ipo juu ya friji. Mtoto alikuwa na mafua wiki ya kwanza, akamwona mama akimpa kifuniko usiku, mtoto akalala mpaka asubuhi na mama akafurahi. Akadhani ndiyo dawa ya mtoto anayelia. Mama Junior alilia pale mpaka askari akafunga daftari. Ofisa ustawi wa jamii ameitwa, na mama mzazi wa binti anatafutwa. Dalali simu haipatikani.

Binti kabla hatujaondoka kaniuliza kama mtoto kala leo.

Niliyekuwa Dada: Mama Wawili, dada wako wewe anaitwa nani?

Mama Wawili: Anaitwa Tumaini. Jina lake kamili nalijua, na la mama yake. Na leo nimemkaangia mayai matatu, msiniulize tena.

Mhasibu wa Posta: Mimi nimetoka kumuuliza wangu sasa hivi. Nilikuwa nakosea jina la baba yake mwaka mzima na hajawahi kunisahihisha.

Mchungaji Mtarajiwa: Wenye wasiwasi na mtoto wa jirani, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure. Na huyo binti wa miaka 15 naye ni mtoto, asisahaulike huko polisi.

Mpenda Teknolojia: Lakini kungekuwa na kamera...

Mhasibu wa Posta: Kungekuwa na kamera tungemwona mama akitoa dawa usiku. Nenda kalale.

Konda Mstaafu: Nauliza tu, siyo kwa ubaya. Huyo binti mkoa gani? Wa Iringa?

Mama Wawili: Hapana. Katokea Lushoto.

Konda Mstaafu: Aaah, Tanga. Ningejua mapema.

Mnyalukolo: Nimepumzika. Msogezeeni kiti mtu wa Tanga.

Msambaa wa Soni: Nipo hapa tangu asubuhi, nimesoma kuanzia yai la kwanza. Haya Konda, malizia sentensi yako. Ungejua nini?