Mume wangu ametoka ICU, hii ni wiki ya sita. Mwili umerudi nyumbani, yeye bado. Naomba ushauri

MkeWaMhasibu

Habari za jioni wakuu. Maelezo ni marefu kidogo, mnivumilie.

Mume wangu ana miaka 47. Alilazwa kwa homa ya mapafu, maambukizi yakaingia kwenye damu, figo nazo zikayumba. Alikaa ICU siku 19, na 13 kati ya hizo alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, amelazwa kwa dawa za usingizi. Kuna usiku tuliitwa tukae karibu naye. Hakwenda. Akahamishiwa wodi ya kawaida, kisha tukaruhusiwa.

Kila anayekuja kumjulia hali anasema, "Huyu amepona kabisa." Wageni wakitoka nabaki na mtu nisiyemjua vizuri. Ngazi za mlangoni ziko tano. Akifika ya tatu anakaa. Mkono wa kulia hauvuki bega. Sauti inakwaruza. Wiki hii nywele zimeanza kunyonyoka, asubuhi mto umejaa. Mtu aliyekuwa anajumlisha safu nzima ya tarakimu kichwani, jana ameshika risiti moja nusu saa, kisha akaiweka chini akanyamaza.

Hayo naweza kuyabeba. Kinachonitisha ni habari ya meli. Anasema hakuwa hospitali, alikuwa kwenye meli inayoyumba usiku kucha, amefungwa mikono, na mabaharia walikuwa wanakuja kumtoa damu wakaiuze. Eti mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nazungumza nao. Hasimulii kama ndoto, anasimulia kama mtu aliyerudi safari ya kikazi. Juzi tukiwa mezani aliniuliza, kwa upole kabisa: "Walikulipa kiasi gani?"

Sikumjibu. Nilienda bafuni nikajifungia.

Je, ubongo wake umeharibika? Nimpeleke kwa daktari wa magonjwa ya akili? Karatasi ya ruhusa inasema tu arudi kliniki baada ya miezi mitatu, na ana dawa aina saba. Mimi mwenyewe usingizi umekata. Kitu chochote kikilia "pii" nashtuka nikidhani ni ile mashine.

Jembe_Halilali

Mpe muda dada. Wanaume tukiugua huwa tunadeka.

NilikuwaTreni

Samahani mkuu, hili si la kudeka.

Dada, pole sana. Jina langu humu halikuja bure. Nilikaa ICU siku 24, na kwa kumbukumbu zangu siku zote hizo nilikuwa ndani ya behewa la mizigo, na daktari mmoja mrefu alikuwa anatafuta namna ya kunitupa nje. Ndiye aliyeniokoa. Nilimchukia miezi mitano. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua wataniona nimerukwa na akili. Kwa hiyo kama shemeji amekusimulia wewe, ujue bado anakuamini, hata kama swali lenyewe lilikuchoma.

Walioniambia "hayo ni maruweruwe tu, sahau" walinifanya ninyamaze zaidi. Aliyenisaidia ni dada yangu. Aliketi na daftari akanisimulia siku zangu moja moja: leo ulikuwa na homa, leo walijaribu kukutoa kwenye mashine ukashindwa, leo ulifungua macho ukatutazama kama wageni. Treni haikufutika. Ila ilipata pa kukaa.

SistaWaZamu

Nimefanya kazi ICU miaka 11, sasa niko wodi nyingine. Nianze na hiyo meli, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Wagonjwa wengi wa ICU wanalazwa kwenye godoro la hewa linalojaa na kupungua lenyewe, ili ngozi isifanye vidonda vya kulalia. Linayumba, na pampu yake inanguruma chini ya kitanda. Kila baada ya saa chache watu wawili watatu wanakuja kumgeuza. Damu inachukuliwa kwa vipimo, mara nyingi usiku au alfajiri. Mikono huenda ilifungwa kweli, kwa vitambaa laini, asije akachomoa mrija wa kooni. Na wewe ulisimama mlangoni kweli, ukizungumza na watu waliovaa sare. Unaona? Karibu kila kipande cha hadithi yake kipo. Ubongo uliokuwa na homa, dawa na ukosefu wa usingizi ulichukua vitu vya kweli ukavishona vibaya. Tunaita deliriamu, na kwa waliokaa kwenye mashine ni jambo la kila siku. Si wazimu, na si chuki juu yako.

Akiuliza tena, usibishane naye na usimkubalie. Mwambie ulichoona wewe. "Sikulipwa. Nilikuwa namuuliza nesi kama figo zako zimetoa mkojo leo." Maana nina uhakika hicho ndicho mlichokuwa mnaongea, nusu ya maneno yote ya ICU ni mkojo.

Kuna hospitali ambazo manesi na ndugu huandika daftari la mgonjwa kila siku, utaratibu ulioanzia nchi za Skandinavia. Akizinduka anasoma. Tafiti hazikubaliani ni kwa kiasi gani unapunguza jinamizi, lakini sijaona mgonjwa aliyejuta kulipata. Kama hamkupewa, tengeneza lako sasa: picha za simu, ujumbe uliokuwa unawatumia ndugu, tarehe. Na uliza kama wanaruhusu arudi kuiona ICU akiwa mzima. Wengi wanaruhusu, ila mpeleke akiwa tayari yeye.

Kuhusu risiti: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba miezi mitatu baada ya kutoka, watu wapatao 4 kati ya 10 walikuwa na kumbukumbu na umakini wa kiwango cha mtu aliyeumia kichwa kwa kiasi cha kati. Hata vijana. Na waliokaa kwenye deliriamu muda mrefu ndio walioathirika zaidi. Sikwambii kukutisha. Nakwambia ili mtu asikuambie ni uvivu. Wengine wanarudi taratibu, wengine wanabaki na upungufu kidogo wanajifunza kuishi nao: kuandika kila kitu, jambo moja kwa wakati mmoja, kazi ya kichwa asubuhi kabla hajachoka.

Na hiyo miezi mitatu usiisubiri umekaa kimya. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2009 unataka mgonjwa wa aina yake apimwe upya miezi 2 hadi 3 baada ya kutoka ICU, mwili, akili na hisia, siyo kifua peke yake. Siku hiyo mtaje yote, pamoja na meli. Daktari asipoulizwa atasikiliza mapafu, atasema "safi", mtarudi nyumbani.

MtuWaViungo

Sista kamaliza la kichwa, niguse la mwili. Watafiti wa London walipima msuli wa mbele ya paja kwa wagonjwa mahututi. Ndani ya siku 10 ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 18. Shemeji kalala 19. Ngazi ya tatu ni mbali sana, mpongezeni.

Aanze na kuinuka kwenye kiti. Kiti kigumu, cha kimo cha kawaida, ainuke bila kujisukuma kwa mikono akiweza, mara tano, apumzike, arudie baadaye. Akiweza kuongea huku anafanya, kasi inafaa. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Kosa ninaloliona kila wiki: siku akijisikia vizuri anafanya yote, kesho yake na keshokutwa haamki. Afadhali kidogo kila siku. Na ale protini kila mlo, ila kwa sababu figo ziliyumba, kiasi muulizeni daktari kwanza.

Bega asilivumilie, likigandamana ni shida ya miezi mingi. Apate mtu wa fizio alitazame. Nywele huwa zinanyonyoka miezi miwili mitatu baada ya ugonjwa mkubwa, na kwa kawaida zinaota tena.

Mfamasia_Kimya

Dawa saba. Naomba mzipeleke zote, na vifungashio vyake, kwa daktari au mfamasia, muulize kila moja: hii ni ya nini, na inaisha lini? Dawa za kupunguza asidi ya tumbo na za kutuliza mgonjwa aliyekuwa anahangaika huanzishwa ICU kwa sababu za ICU, kisha zinamfuata mtu nyumbani miezi kwa sababu hakuna aliyezisimamisha. Za kutuliza zinaweza kabisa kumfanya awe mzito wa kufikiri. Kinyume chake pia hutokea: kama alikuwa na dawa ya presha ya zamani, huenda ilisitishwa na hakuna aliyeirudisha. Msiache yoyote wenyewe, nyingine zinapunguzwa polepole.

MkeWaMhasibu

Nimelia nikisoma. Sikujua godoro lile lina pampu. Nililiona siku zote 19.

Ana presha, na kweli, dawa yake ya zamani haimo kwenye zile saba. Kesho asubuhi tunakwenda kuuliza. Swali jingine: anataka kurudi kazini Jumatatu.

NilikuwaTreni

Jumatatu hapana. Mimi nilirudi wiki ya nane, saa kumi alasiri nikakutwa nimelala juu ya meza. Aombe nusu siku, tena baada ya kupimwa. Na gari asiendeshe mpaka daktari aseme.

SistaWaZamu

Nilisahau la muhimu. Msisubiri kliniki kama: homa inarudi, anachanganyikiwa ghafla, mkojo unapungua, mguu mmoja unavimba na kuuma, au anakohoa kila anapokula au kunywa. Hiyo ya mwisho huenda chakula kinapita njia ya hewa, maana mrija huacha koo dhaifu. Na akianza kuvuta pumzi kwa mlio kama filimbi, hata ikiwa ni wiki nyingi baadaye, mrija unaweza kuwa umeacha kovu lililobana njia ya hewa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Sauti ya kukwaruza mpaka sasa ataje kliniki, atazamwe na daktari wa koo. Na akisema maisha hayana maana, usimpe moyo ukaishia hapo, mpeleke.

BintiWaMgonjwa

Nyote mmemjibu kuhusu mume. Mbona hakuna aliyejibu kuhusu "pii"?

Dada, nilimuuguza baba. Yeye alipona, mimi nikawa naamka saa nane usiku kusikiliza kama anapumua. Mwaka 2010 wataalamu walipokaa kutafuta jina la haya matatizo ya baada ya ICU, ndugu wa mgonjwa nao walihesabiwa, kwa sababu wanaugua kweli: wasiwasi, huzuni, kumbukumbu zinazorudi bila kuitwa. Wewe ulikaa macho siku 19 ukiona kila kitu. Yeye alilala. Tafuta mtu wa kushika zamu usiku mmoja kwa wiki, ulale nyumba nyingine kabisa. Na kliniki ukienda, jitaje na wewe.

Jembe_Halilali

Nimesoma uzi wote. Nafuta ya kudeka.

MkeWaMhasibu

Mrejesho, wiki tano baadaye.

Dawa tatu zimesimamishwa, ya presha imerudi. Ngazi tano anapanda bila kukaa, akishika ukuta. Risiti bado zinamsumbua, anafanya mbili kwa siku na daftari pembeni. Kuna wiki mbili katikati alikataa kufanya lolote, wala kuoga, sitawapamba. Amepangiwa kuonana na mshauri, na mimi nimepewa nafasi yangu peke yangu. Mdogo wangu analala kwetu kila Ijumaa.

Jana tulirudi ICU, alisema yuko tayari. Nesi aliyekuwepo alimkumbuka kwa jina. Kulikuwa na kitanda kitupu, nikaomba atuwashie godoro. Likaanza kunguruma. Mume wangu akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo kama dakika tatu hivi, hasemi kitu. Kisha akasema, "Ndiyo yenyewe."

Kwenye gari aliniuliza tena nilikuwa naongea nini na wale watu mlangoni. Nikamwambia: mkojo. Akacheka mpaka akakohoa.

SistaWaZamu, usijali, hakuwa anakula.