Kikundi cha familia: WANA WA BIBI, TUKUYU

JUMAPILI

Lusajo: Bwana Yesu asifiwe. Huyu ni Bibi anaongea, mimi naandika tu. Anasema kuanzia leo kila mtu kabla ya kulala aandike hapa jambo moja la siku hiyo analomshukuru Mungu. Moja tu.

Anti Tusa: Amina. Shikamoo Mama. Nashukuru kwa uzima na afya.

Lusajo: Marahaba. Bibi amekataa hiyo. Anasema uzima na afya umeandika mwaka jana, mwaka juzi na kwenye kila kadi ya Krismasi. Anataka cha leo.

Anti Tusa: 😂 Haya. Jana usiku LUKU, mita ya umeme, ilisoma uniti mbili. Feni ikazunguka mpaka asubuhi. Kwa joto hili la Mbagala, huo ni mkono wa Bwana.

Lusajo: Hiyo imepita. Ya Bibi: goti la kushoto halikuuma kupanda kilima cha kanisani. La kulia liliuma, naye anasema hataki kudanganya.

Baba Mdogo Ambokile: Jambo jema sana, Mama. Wala si geni kwetu Wamoravian. Kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 kiongozi wao Zinzendorf alianza kutoa neno fupi la kila siku, na neno hilo likapelekwa nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 yakaanza kuchapwa kitabu. Mpaka leo mstari wa Agano la Kale huwa wanauchomoa kwa kura.

Anti Tusa: Kumbe nao walikuwa na kikundi, ila cha kutembea kwa miguu.

Baba Mdogo Ambokile: Tena hakikuwa na picha za maua zenye "Asubuhi Njema". Naomba tulizingatie hilo.

JUMATATU

Wifi Grace: Namshukuru Mungu kwa gari jipya!! Ametenda makuu 🙏🙏
[picha] [picha] [picha] [picha]

Anti Tusa: Hongera wifi!

Atupele: Hongera sana wifi. Mimi: kuna mtoto aliletwa wodini asubuhi hawezi kunyonya. Nimemwacha natoka zamu ananyonya, tena kwa fujo.

Lusajo: Bibi anasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, Atupele. Kwa Grace anasema hongera, gari ni la kushukuru. Ila anauliza picha ya nne ilikuwa ya nini.

Wifi Grace: 🙈 Bibi jamani, ni taa za nyuma.

Lusajo: Anasema yule Farisayo wa Luka 18 naye alianza na "Ee Mungu, nakushukuru". Angalia alikomalizia. (Wifi, nimeandika nilivyoambiwa, usinichukie.)

JUMANNE

Lusajo: Kikundi kina watu 13, walioandika shukrani ni wanne. Bibi anauliza: "Wale kenda wa wapi?"

Anti Tusa: 😂😂 Tumekuwa wale wakoma wa Luka 17, tisa hawakurudi kushukuru.

Baba Mdogo Ambokile: Joeli, mwanangu, upo kimya. Neno linasema shukuruni kwa kila jambo, 1 Wathesalonike 5:18. Andika hata kidogo.

Joeli: Shikamoo Baba Mdogo. Sikutaka kuharibu hali ya hewa humu. Hawakuniongezea mkataba. Kodi ya nyumba inaisha mwezi huu. Sasa naomba kueleweshwa: nimshukuru Mungu kwa kuachishwa kazi?

Baba Mdogo Ambokile: Mungu ana makusudi yake, Joeli. Huenda anakuandalia kikubwa zaidi.

Joeli: Huenda.

Atupele: Baba Mdogo, samahani, nakuheshimu. Paulo na Sila waliimba gerezani Filipi, ndiyo. Lakini sijaona mahali wamemshukuru Mungu kwa ajili ya fimbo. Migongo ilikuwa na vidonda na miguu iko kwenye mkatale. Walimsifu humo humo, bila kuiita fimbo zawadi. Mimi hapa kazini nikimwambia mama aliyepoteza mtoto kwamba ashukuru, nitakuwa nimemwongezea kidonda.

Baba Mdogo Ambokile: Nimekuelewa, Atupele. Niliharakisha.

Wifi Grace: Pole sana Joeli. Na mimi jana nikajaza picha humu.

Joeli: Hapana wifi, gari ni zuri. Hata taa za nyuma.

Lusajo: Subirini, Bibi ameagiza miwani na Biblia.

Lusajo: Haya. Habakuki 3, mstari wa 17. Anasema nabii hakuanza na kushukuru, alianza na kuhesabu alichokosa: mtini hauna maua, mizabibu haina matunda, mzeituni umemtia hasara, mashamba hayana chakula, zizini hakuna kondoo, wala hakuna ng'ombe. Vyote amevitaja kimoja kimoja. Ndipo akaandika "Walakini nitamfurahia Bwana". Bibi anasema watu humu tunarukia kwenye "walakini" na orodha tunaiacha.

Lusajo: Kwa hiyo Joeli, anataka uandike orodha yako kwanza. Hata ikijaza ukurasa. Asante itafuata ikiwa tayari, na isipokuwa tayari leo, yeye atashukuru kwa zamu yako.

Joeli: Shikamoo Bibi. Nitaandika.

JUMATANO

Joeli: Mkataba haupo. Kodi haipo. Bima ya watoto inakwisha nayo. Maombi ya kazi niliyotuma hayajajibiwa. Usingizi hakuna. Mke wangu ananificha kwamba na yeye halali.

Joeli: Walakini. Leo mchana, kwa kuwa nilikuwa nyumbani, nimemfuata Anyosisye shuleni mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akawatangazia wenzake wote getini: "Huyu ndiye baba yangu, mnaona?" Ya leo ndiyo hiyo.

Atupele: ❤️

Anti Tusa: Mimi nalia kwenye daladala, watu wananiangalia.

Baba Mdogo Ambokile: Amina, mwanangu. Nitakupigia jioni. Kuna mtu wa ghala la parachichi hapa Rungwe anatafuta mtunza hesabu. Siahidi kitu, nauliza tu.

Joeli: Asante Baba Mdogo. Nitashukuru hata kwa kuuliza.

Lusajo: Ya Bibi leo: magoti yote mawili yameuma, mvua imenyesha kwenye maharage, na Joeli ameandika.

Lusajo: Sasa huyu ni mimi mwenyewe, si Bibi. Nawaandikia nyote kwa bando langu. Mwenye kushukuru kwa vitendo namba yangu anayo.

Wifi Grace: Nimekutumia. Usinunulie chipsi.