Laikopeni: nyanya mbichi, nyanya zilizopikwa au vidonge?

Mdadisi: Habari zenu wanajukwaa. Nimesoma mara nyingi kwamba laikopeni, yaani rangi inayoifanya nyanya iwe nyekundu, huwakinga wanaume na saratani ya tezi dume, na kwamba nyanya zikipikwa faida hiyo hupotea. Mume wangu sasa hali nyanya ila mbichi, na anafikiria kununua vidonge. Je, yuko sahihi?

Mtunza Bustani: Dada, kuhusu kupika, ukweli ni kinyume chake. Inayopungua kwa moto ni vitamini C. Laikopeni hustahimili, na tena moto huvunja kuta za seli za nyanya zilizoifungia, huku molekuli zake zilizonyooka zikipinda na kuwa katika umbo ambalo utumbo hulifyonza kwa urahisi zaidi. Gramu 100 za nyanya mbichi huwa na takriban miligramu 3, ilhali uzito huohuo wa nyanya za kopo zilizokolezwa huweza kuzidi miligramu 20, kwa kuwa maji yameondolewa. Asisahau mafuta kidogo, maana rangi hii haiyeyuki katika maji.

Msomaji wa Tafiti: Naongeza tahadhari kuhusu saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 47,000, ulionyesha kwamba waliokula vyakula vya nyanya zaidi ya mara 10 kwa wiki walipata saratani ya tezi dume kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 35 kuliko waliovila kwa nadra. Hata hivyo, watu hao walikula chakula, hawakumeza vidonge, na mtu anayekula nyanya kwa wingi huenda anatofautiana na wenzake kwa mambo mengine mengi. Mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilipoupitia ushahidi mwaka 2005, haikuona wa kuaminika kwamba laikopeni yenyewe hupunguza saratani. Fedha za vidonge ningezinunulia nyanya.

Mdadisi: Nashukuru sana. Na mimi nisiyependa nyanya?

Mtunza Bustani: Kula tikiti maji au mapera yenye nyama nyekundu. Ila usitegemee laikopeni ikupe vitamini A kama rangi ya karoti, ingawa ni za jamii moja, kwa sababu mwili hauwezi kuigeuza. Ukizidisha mno kwa muda mrefu, ngozi huweza kugeuka rangi ya chungwa, na hurudi kawaida ukipunguza.