Filamu za ujasusi wa ndege za kivita zinatuficha waliokufa. Nimechoka!

Wakuu, nauandika uzi huu nikiwa na hasira, naomba mnisome mpaka chini kabla hamjaanza kuniambia "muvi ni burudani tu, kaka".

Jumamosi nilipita kwenye banda la kujazia muvi mtaani kwetu nikawekewa mbili kwenye flashi: Firefox ya 1982 na Bridge of Spies ya 2015. Nilitaka kuangalia na mpwa wangu. Yuko kidato cha tatu, amebandika picha za ndege za kivita ukuta mzima na fizikia anaisoma kwa ajili hiyo tu. Hiyo ya pili nikapewa iliyotiwa sauti ya DJ, wakati nilikuwa nimeomba ya kawaida. Gary Powers, rubani wa Kimarekani wa ndege ya ujasusi, yuko mbele ya mahakama Moscow, maisha yake yanaamuliwa pale, na DJ anatupigia stori za demu wake na bei ya bia. Dogo hakusikia neno hata moja la hakimu. Nimelipa hela yangu kwa hilo!

Lakini DJ nimemsamehe. Kilichonikosesha usingizi ni swali la mtoto. Kombora limelipuka, ndege yake ya ujasusi, U-2, imesambaratika, Powers ananing'inia nje akihangaika kujinasua. Mpwa wangu akasimamisha muvi. "Mjomba, walirusha moja tu? Hayo mengine yalienda wapi?"

Filamu ina dakika 141 na haina jibu. Jibu lipo, na lina jina la mtu. Ilikuwa Mei 1, 1960. Powers aliruka kutoka Peshawar, Pakistan, akaingia anga ya Urusi akiwa juu zaidi ya mita 20,000, na karibu na mji wa Sverdlovsk wakamtungua kwa makombora ya S-75. Walioko chini hawakutambua haraka kwamba kazi imekwisha. Wakaendelea kufyatua. Kombora moja likaipiga ndege ya kivita yao wenyewe, MiG-19, iliyokuwa imepandishwa kumsaka huyohuyo Powers. Rubani wake aliitwa Sergei Safronov. Alikufa.

Na sababu yake, wakuu, inauma kuliko kifo chenyewe. Ndege ya kivita hubeba kifaa kinachoijibu rada ya chini: mimi ni mwenzenu, msinipige. Namba za siri za kifaa hicho hubadilishwa mara kwa mara. Siku ile ilikuwa Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi, na ndege zile zilipaa zikiwa bado na namba za Aprili. Mtu kauawa na wenzake kwa sababu ya tarehe! Moscow ikanyamaza miaka na miaka. Powers alibadilishwa na jasusi wa Kirusi Rudolf Abel kwenye daraja la Glienicke, Berlin, Februari 10, 1962, akarudi kwao. Daraja lile limepigwa picha kwa theluji na ukungu mpaka unasikia baridi ukiwa sebuleni. Safronov hakupewa hata sekunde 30 za kufunga mikanda yake asubuhi ile.

Msiniambie muda haukutosha. Muda ulikuwepo wa watu kukohoa mafua Berlin.

Tukaja Firefox. Mmarekani anaingia Urusi kwa siri, anaiba ndege ambayo silaha zake zinatii mawazo, sharti awaze kwa Kirusi. Nilipoiangalia utotoni niliamini kila kitu. Sasa hivi inanikera kwa sababu najua kilichotokea kabla yake. Septemba 6, 1976, rubani wa Kirusi, Luteni Viktor Belenko, alitoroka na ndege yake ya kivita ya MiG-25 mpaka Japani, akatua Hakodate kwenye uwanja wa raia, barabara ikamwishia na ndege ikapitiliza, mafuta nayo yakiwa yamebaki kiduchu. Riwaya iliyozaa filamu hii ilitoka mwaka uliofuata, 1977. MiG-25 ile nchi za Magharibi ziliiogopa miaka mingi. Walipoifungua wakakuta sehemu kubwa ni chuma kizito, na ndani ya vifaa vyake vya umeme kuna valvu.

Valvu, wakuu! Babu yangu alikuwa na redio ya valvu. Unaiwasha, unakaa, vile vioo vinaanza kuwa vyekundu taratibu kama mkaa unaopepewa, ndipo sauti inakuja. Ndicho kilichokuwa ndani ya jinamizi la Marekani. Na bado ndege ile ilikuwa na mbio za kutisha na rada yenye nguvu kwelikweli; wahandisi wa Kirusi walifanya kazi kubwa kwa vitu walivyokuwa navyo. Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka mimi! Mwaka 1982 hayo yalikuwa yanajulikana kwa miaka 6, wao wakachagua kutuuzia mashine inayosoma akili.

Firefox angalau ina wahandisi wanaomsaidia mwizi na kufa kwa ajili hiyo. Nawapa haki yao. Ila kazi yao kwenye filamu ni kumfungulia mlango Mmarekani apae.

Sasa mtafuteni Adolf Tolkachev. Mhandisi wa rada, Moscow. Aliwafuata mwenyewe majasusi wa Marekani, Januari 1977, kwenye kituo cha mafuta, na mwanzoni wakamkwepa wakidhani ni mtego. Baadaye akawa anatoka na nyaraka za siri kazini, anazipeleka nyumbani kwake, anafunga kamera kwenye mgongo wa kiti na kupiga ukurasa baada ya ukurasa. Kwa njia hiyo Marekani ilizijua rada za ndege mpya za Kirusi. Hakuiba ndege hata moja. Mama wa mkewe aliuawa enzi za Stalin, hasira ya nyumba ile ilianzia hapo. Kati ya vitu alivyowaomba Wamarekani ni santuri za roki kwa ajili ya mwanawe. Alikamatwa 1985, akauawa 1986, baada ya kusalitiwa na mtu aliyefukuzwa na CIA yenyewe.

Kiti, kamera, santuri za mtoto. Nani kasema hiyo haina msisimko? Mimi mikono inanitoka jasho nikiandika tu hapa.

Mpwa wangu ameandika jina la Safronov kwa kalamu nyekundu, kalibandika katikati ya picha zake za ndege. Ananiuliza sura yake ilikuwaje. Anayejua filamu yoyote, ya nchi yoyote, inayomwonyesha huyo rubani akiingia kwenye MiG-19 yake siku ile, aweke jina lake hapa. Na iwe haina sauti ya DJ.