x⁶ − 64: kwa nini tofauti ya miraba na tofauti ya michemraba zinanipa majibu mawili?

Msomaji wa Jioni aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu.

Ninajisomea aljebra ya mwanzo, na sasa nimefika kwenye sura ya kutafuta vigawo vya polinomia zenye maumbo maalumu, yaani tofauti ya miraba miwili, mraba kamili wenye sehemu tatu, na jumla au tofauti ya michemraba miwili. Kanuni zote nimezikariri, lakini kuna swali moja lililonifanya nishuku kwamba ninazitumia bila kuzielewa.

Swali linataka vigawo vya x⁶ − 64. Kwa kuwa x⁶ ni mraba wa x³, na 64 ni mraba wa 8, nilianza na tofauti ya miraba:

x⁶ − 64 = (x³ − 8)(x³ + 8) = (x − 2)(x² + 2x + 4)(x + 2)(x² − 2x + 4)

Baadaye nikatambua kwamba x⁶ ni mchemraba wa x² vilevile, na 64 ni mchemraba wa 4, nikaifanya upya kwa tofauti ya michemraba:

x⁶ − 64 = (x² − 4)(x⁴ + 4x² + 16) = (x − 2)(x + 2)(x⁴ + 4x² + 16)

Njia ya kwanza inatoa vigawo vinne, ya pili inatoa vitatu, na nikizidisha mabano, zote mbili zinanirudisha kwenye x⁶ − 64. Je, inawezekana polinomia moja iwe na majibu mawili yaliyo sahihi? Pia ningependa kufahamu kwa nini x³ + 27 ina vigawo, ilhali x² + 9 tunaambiwa tuiache kama ilivyo.

Mabano Mawili alijibu:

Ndugu, majibu hayo mawili ni jibu moja, isipokuwa la pili halijamalizwa. Mabano ya mwisho, x⁴ + 4x² + 16, bado yana vigawo, ingawa hayafanani na umbo lolote katika yale uliyoyakariri. Ukiyatazama kwa haraka utadhani ni mraba kamili, kwa sababu x⁴ ni mraba wa x² na 16 ni mraba wa 4. Ili yawe mraba kamili, sehemu ya katikati ingepaswa kuwa mara mbili ya x² kuzidisha 4, yaani 8x², nasi tunayo 4x² tu. Basi tuongeze 4x² inayopungua na kuiondoa papo hapo, ili thamani isibadilike:

x⁴ + 4x² + 16 = x⁴ + 8x² + 16 − 4x² = (x² + 4)² − (2x)²

Sasa tunayo tofauti ya miraba miwili, ambayo inatoa (x² + 4 − 2x)(x² + 4 + 2x). Ukipanga upya sehemu zake, unapata x² − 2x + 4 na x² + 2x + 4, ambavyo ni vigawo vilevile ulivyovipata kwa njia ya kwanza.

Jambo hili halikutokea kwa bahati. Katika kanuni ya michemraba, mabano ya pili ni a² + ab + b², na kila wakati yanaweza kuandikwa kama (a + b)² − ab. Kwa kawaida hatua hiyo haitusaidii kitu, kwa sababu ab si mraba: katika x³ − 8, kwa mfano, a ni x na b ni 2, kwa hiyo ab ni 2x, nayo haina kipeuo cha pili kilicho polinomia. Lakini katika swali lako a ni x² na b ni 4, hivyo ab ni 4x², mraba wa 2x, na mlango ukafunguka. Ndiyo maana, polinomia inapokuwa tofauti ya miraba na tofauti ya michemraba kwa pamoja, mimi huanza na miraba daima. Njia ya michemraba nayo inafika, ila inakudai hatua hiyo ya kuongeza na kuondoa, ambayo vitabu vingi vya mwanzo havimwoneshi msomaji.

Kipeuo alijibu:

Ninaomba nilichukue swali la pili, kwa kuwa kauli kwamba "jumla ya miraba haina vigawo" inafundishwa kwa mkato unaopotosha.

Tuanze na x² + 9. Kama polinomia hii ingekuwa na vigawo viwili vya kipeo cha kwanza vyenye namba halisi, ingekuwepo thamani ya x inayokifanya kimojawapo kiwe sifuri, na hapo x² + 9 nzima ingekuwa sifuri. Hilo haliwezekani, kwa sababu mraba wa namba halisi hauwi hasi, na ukiuongezea 9 huwezi kupata kilicho chini ya 9. Hoja yote ni hiyo. Sasa jaribu x³ + 27: ukiweka −3 mahali pa x, unapata −27 + 27, yaani sifuri, kwa hiyo x + 3 lazima iwe kigawo. Mchemraba wa namba hasi hubaki hasi, jambo ambalo mraba hauliruhusu. Kwa sababu hiyohiyo aⁿ + bⁿ hugawanyika kwa a + b kila n inapokuwa namba witiri, wakati aⁿ − bⁿ hugawanyika kwa a − b bila kujali n ni witiri au shufwa.

Angalia, hata hivyo, kwamba hoja yangu juu ya x² + 9 inahusu kipeo cha pili pekee. Chukua x⁴ + 4. Hii ni jumla ya miraba, ya x² na ya 2, nayo haiwi sifuri kwa namba halisi yoyote. Pamoja na hayo, ukitumia mbinu aliyoieleza mwenzangu unapata:

x⁴ + 4 = (x² + 2)² − (2x)² = (x² − 2x + 2)(x² + 2x + 2)

Kukosa thamani inayoifanya polinomia iwe sifuri kunazuia vigawo vya kipeo cha kwanza. Vigawo vya kipeo cha pili havizuiwi. Vivyo hivyo x⁶ + 64 ni jumla ya miraba ya x³ na 8, lakini pia ni jumla ya michemraba ya x² na 4, kwa hiyo ni (x² + 4)(x⁴ − 4x² + 16). Wanaoanza hawana sababu ya kuona aibu hapa, kwani mwaka 1702 Leibniz mwenyewe, mwanahisabati mashuhuri wa Ujerumani, alidai kwamba x⁴ + a⁴ haiwezi kugawanywa katika vigawo vya namba halisi, ilhali kuongeza na kuondoa 2a²x² kunatosha kuigawa, mradi ukubali kipeuo cha pili cha 2 kiwemo ndani ya mabano.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Swali linapokuambia "tafuta vigawo", uliza kwanza ni namba za aina gani zinazoruhusiwa. Kwa namba kamili x² − 5 haina vigawo. Kwa namba halisi ni (x − √5)(x + √5). Katika aljebra ya mwanzo hukusudiwa namba kamili, hata kama kitabu hakikulitamka jambo hilo.

Chaki na Ubao alijibu:

Wenzangu wamejibu vizuri, nami nina nyongeza inayotokana na kusahihisha kazi za wanafunzi. Umbo linalowaangusha wengi si michemraba, bali ni mraba kamili, kwa sababu linaonekana rahisi. Mwanafunzi akikutana na 4x² − 13x + 9 huona 4x² ni mraba wa 2x na 9 ni mraba wa 3, kisha huandika (2x − 3)² na kuendelea na swali linalofuata. Hakuitazama sehemu ya katikati. Mraba wa 2x − 3 ni 4x² − 12x + 9, na tofauti hiyo ya x moja inabadilisha kila kitu, kwa kuwa 4x² − 13x + 9 ni (4x − 9)(x − 1). Miraba iliyo kwenye ncha mbili hutoa fununu tu. Anayethibitisha ni wa katikati, ambaye ni lazima awe mara mbili ya zao la vipeuo vya ncha hizo, awe chanya au hasi.

Kuhusu alama katika kanuni za michemraba, ninashauri kuzidisha badala ya kukariri. Panua (a − b)(a² + ab + b²) polepole: a inatoa a³ + a²b + ab², na −b inatoa −a²b − ab² − b³. Sehemu nne za kati zinafutana jozi kwa jozi, na kinachobaki ni a³ − b³. Kwa kuwa ni lazima zifutane, alama ya ab haina budi kuwa kinyume cha ile iliyo kwenye mabano ya kwanza, na ab haiwezi kuzidishwa kwa 2, kwa sababu ingebaki salio. Aliyelifanya zoezi hili kwa mkono wake hachanganyi a² + ab + b² na a² + 2ab + b².

Zaidi ya hapo, toa kigawo cha shirika kabla ya kutafuta umbo lolote. 18x² − 50 haifanani na tofauti ya miraba hadi utoe 2, ndipo inakuwa 2(9x² − 25), yaani 2(3x − 5)(3x + 5).

Iwapo kuna anayedhani tofauti ya miraba ni zoezi la darasani tu, na atafute vigawo vya 9991 bila mashine. Namba hiyo ni 10000 − 9, yaani 100² − 3², kwa hiyo ni 97 × 103. Mwaka 1643 Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, alieleza njia hiyohiyo kwa namba 2027651281. Alianza na namba kamili ya kwanza inayozidi kipeuo chake cha pili, akapanda moja moja, na kila mara akaangalia kama mraba wa namba aliyofikia, ukitolewa namba ile kubwa, unaacha mraba. Alipofika 45041 salio lilikuwa 1040400, ambayo ni mraba wa 1020. Basi vigawo ni 45041 − 1020 na 45041 + 1020, yaani 44021 na 46061.

Msomaji wa Jioni alijibu:

Nawashukuru nyote. Sikuwa nimeona kwamba kanuni ya michemraba ina tofauti ya miraba iliyojificha ndani yake. Nimejaribu kuitumia mbinu ya kuongeza na kuondoa kwenye x⁴ + 2x² + 9, polinomia niliyokuwa nimeiruka kwa kudhani haina vigawo. Kipeuo cha 9 ni 3, kwa hiyo mraba kamili ungehitaji 6x² katikati. Nikaongeza 4x² na kuiondoa, nikapata (x² + 3)² − (2x)², yaani (x² − 2x + 3)(x² + 2x + 3). Je, kuna namna ya kujua mapema kwamba mbinu itafaulu, au ni kujaribu tu?

Mabano Mawili alijibu:

Jibu lako ni sahihi. Weka 1 mahali pa x: polinomia inatoa 12, na mabano yako yanatoa 2 × 6. Weka 2: inatoa 33, na mabano yanatoa 3 × 11. Majaribio ya namba mbili hayathibitishi usawa wa polinomia za kipeo cha nne, lakini hufichua makosa mengi ya alama kwa haraka kuliko kupanua mabano yote.

Kuhusu kujua mapema: kwa x⁴ + px² + q², chukua q kuwa chanya, kisha kokotoa 2q − p na −2q − p. Ukitumia 2q − p unaunda mraba wa x² + q, na ukitumia −2q − p unaunda mraba wa x² − q. Mojawapo ya namba hizo ikiwa mraba wa namba kamili, tofauti ya miraba itapatikana. Kwako 2q − p ni 6 − 2, yaani 4, ndiyo maana ilifaulu. Sasa jaribu x⁴ − 7x² + 9. Njia ya kwanza inatoa 13, ambayo si mraba, na wengi wangeachia hapo. Ya pili inatoa −6 + 7, yaani 1, kwa hiyo (x² − 3)² − x² = (x² − x − 3)(x² + x − 3). Fanya na x⁴ − 11x² + 1 kwa mkono wako, ukianza na njia zote mbili kabla ya kuamua kwamba haina vigawo.