Tupeane uzoefu: ukiombwa mchango wa hisani, unaangalia nini kabla hujatoa?

Wakuu, habari za mchana.

Hapa Mwanza hatuna ubahili. Harusi tunachanga, kipaimara tunachanga, misiba ndiyo usiseme. Ila akija mtu mwenye kizibao cha shirika na ndoo yenye kufuli, mkono unarudi mfukoni. Mimi gari la kipaza sauti likisimama Igoma na bango la mtoto mgonjwa, nauliza kitu kimoja: ndugu yake yuko wapi? Akiwepo natoa, asipokuwepo napita. Kanuni yenyewe ina kasoro, maana yatima hasa ndiye asiye na wa kusimama pale. Nyie mnaamuaje? Leteni yaliyowakuta, mahubiri tuachie Jumapili.

Mama Dagaa
Nipo Mwaloni Kirumba. Kwenye kikundi chetu cha kufa na kuzikana, mwenzetu akifiwa daftari linapita meza kwa meza, jina na kiasi, na jioni linasomwa kwa sauti mbele ya mfiwa. Alikuja binti wa shirika fulani akitaka tuchangie watoto wa mitaani kila mwezi. Bibi mmoja akamuuliza, "Mwanangu, daftari lako linasomewa wapi?" Akajibu ripoti ipo kwenye tovuti. Tulicheka hadi akacheka naye. Hakuna aliyemwita mwizi, lakini hakupata kitu.

Mhaya wa Nyakato
Kwetu ni Bukoba. Tetemeko la Septemba 2016 nchi nzima ilichanga. Haukupita mwezi ikasikika kuna akaunti nyingine yenye jina lilelile la kamati ya maafa, Rais Magufuli akatengua viongozi wawili. Baadaye serikali ikasema fedha zitaelekezwa kwenye shule na huduma za umma, haitamjengea kila mtu nyumba. Shule ya sekondari Ihungo imejengwa upya, na imependeza kwa kweli. Ila mzee wangu alikuwa analala chini ya turubai, na mpaka leo ukimtajia mchango wa maafa anageukia upande wa pili. Shule ni ya wote, sibishi. Lakini aliyetoa elfu tano yake alikuwa amemwona mtu aliyeangukiwa na nyumba. Angeambiwa mapema, labda bado angetoa.

Kijana wa Buhongwa
Mimi naangalia jina linalotokea kwenye simu kabla sijaweka namba ya siri. Nimeambiwa ni kituo cha watoto, linatokea jina la mtu binafsi? Nafuta muamala.

Mtumishi Sengerema
Nipo kwenye shirika dogo, nisemee upande wetu. Ukiomba mchango unaulizwa, "Kwani wafadhili wamewakimbia?" Ukiitisha kikao, swali la kwanza ni posho, na hilo tumelizoesha wenyewe kwa semina za hotelini. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inatudai kila mwaka ripoti ya shughuli na hesabu zilizokaguliwa. Tunapeleka. Mwanakijiji haioni. Ndipo tukaanza kubandika matumizi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, hadi bei ya sabuni. Mzee mmoja alikuja juu kuhusu bei ya ndoo, akatutajia duka la nafuu. Siku hizi huyo ndiye anayetuletea mahindi akivuna.

Mama Dagaa
Sasa hapo mmeongea.

Binti wa Kituoni
Mimi nilikuwa upande wa kupokea, kwenye kituo cha watoto. Idi na Krismasi wageni walijaa: soda, biskuti, pilau, halafu tupange mstari wa picha, wadogo mbele. Hao hao Februari, madaftari yameisha na unga unapimwa kwa kikombe, huwaoni. Sina kinyongo, soda tulizipenda. Ila mkitaka kutoa njooni Februari, simu ziache kwenye gari.

Mleta mada
Februari tupeleke nini sasa, zaidi ya unga?

Binti wa Kituoni
Mkaa, taulo za kike, na fundi wa kutengeneza pampu ya maji. Fundi hajawahi kuja hata mmoja.

Kijana wa Buhongwa
Pampu ya aina gani? Njoo PM.